Re: Mgombea wetu wa ubunge kaahidi mitaro, maji na mikopo, ataweza?

Mkuu, kati ya hayo matatu uliyouliza, mikopo ndiyo rahisi kumbana nayo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa kwa vikundi, ipo kisheria: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Mbunge anaingia baraza la madiwani, kwa hiyo asiseme "nitaomba". Aseme vikundi vya mtaani kwetu vinakwamia wapi.

Mitaro ndiyo ngoma nzito. Mimi nakaa bondeni, jirani na Mto Msimbazi hapa Dar. Masika yakianza, godoro linapanda juu ya kabati na watoto wanahamia kwa shangazi yao. Mtaro wetu umejaa mchanga na chupa za plastiki hadi mdomoni. Hata tukijengewa mwingine, nani atauzibua? Hilo mgombea hakuligusa kabisa mkutanoni (au spika zilimmeza, maana zilikoroma jioni nzima). Tena mtaro wa maana si wa mfuko wa jimbo, hiyo ni bajeti ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini.

Maji? DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, iko chini ya wizara, yeye atapiga kelele bungeni tu. Akirudi kwenye mkutano, mimi namuuliza ya mchanga.