Kero, udhia au karaha?

SWALI: Tunaandika barua kwa msimamizi wa jengo letu juu ya muziki unaopigwa hadi usiku wa manane. Nimeandika, "Kelele hizi ni makero na sisi tunakera sana." Jirani yangu ataka niandike "udhia", mwengine asema "karaha". Tushike lipi?
Msomaji, Tudor, Mombasa

JIBU: Shikeni kero, lakini rekebisheni sentensi kabla barua haijatoka, maana ilivyo sasa inawashtaki nyinyi wenyewe. Kinachosumbua ndicho kinachokera: kelele zinatukera. Anayesumbuliwa hukerwa au hukereka. Mkisema "tunakera", mmekiri kwamba nyinyi ndio wenye fujo.

"Makero" nayo iacheni. Kero iko katika ngeli ya I-ZI: kero hii, kero hizi. Tena ni nomino, kwa hivyo msiandike "kelele kero". Andikeni kelele za kukera, au kelele zinazokera.

Jirani hakukosea. Udhia ni usumbufu unaomwandama mtu, kama anavyosema mama kwa mtoto anayemvutavuta nguo: "Usinitie udhia!" Ndio huo wa methali, penye udhia penyeza rupia. Maudhi ni maneno au vitendo vya kuudhi, na mara nyingi huwa na mtu nyuma yake: jirani ana maudhi, mvua haina. Adha ni nzito zaidi, inakaribia mateso. Adha ya kukosa maji mferejini, kwa mfano. Karaha hatuipendekezi hapa. Hiyo ina chuki na kinyaa ndani yake, kama jaa la taka linalonuka au matusi ya nguoni. Muziki, hata ukivuma vipi, haujafika huko, isipokuwa maneno yake ni machafu.

Tunawachagulia kero kwa sababu imezoeleka katika malalamiko ya watu wengi kwa mwenye mamlaka. Jirani zetu wa Tanzania husema "kero za wananchi", hata "kero za Muungano". Udhia una sauti ya nyumbani zaidi. Basi andikeni: "Muziki unaopigwa usiku wa manane umekuwa kero kwa wapangaji. Tunakerwa nao kwa kuwa wazee na wanafunzi hawalali."

Mkitaka kutumia udhi, angalieni tahajia. Ni dh, si z wala d: "anatuuzi" ni kosa, na udi ni ule wa kufukizia. U nazo ni mbili, ya kiambishi na ya mzizi: anatuudhi, si "anatudhi".

SWALI: Je, mkereketwa ni mtu aliyekerwa?
Msomaji, Likoni

JIBU: Sivyo. Mkereketwa ni mwenye kulipenda jambo kwa dhati na kulipigania: mkereketwa wa chama, mkereketwa wa Kiswahili. Kereketa ni kuwasha, kama koo lililoingia pilipili. Mkereketwa basi ni yule ambaye jambo linamwasha moyoni asiweze kutulia. Aliyeudhiwa tu mwite aliyekerwa.