Kifaa kinachochoma naloksoni chenyewe: maswali yenu

Mmeniuliza sana kuhusu vile vifaa vya kuvaa mwilini vya kumuokoa mtu aliyezidisha unga au dawa kali za maumivu, vinavyomchoma vyenyewe naloksoni, yaani dawa inayozima nguvu ya hivyo alivyotumia ili apumue tena. Nimechukua maswali manne.

Dada, kinajuaje kama mtu kazidiwa?

Kinafuata pumzi tu. Heroini, morfini, fentanili, yaani jamii inayoitwa opioidi, zote zinailaza ile sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji, mtu anapumua taratibu, taratibu zaidi, mwisho anaacha kabisa na moyo nao unafuata. Sasa mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kifaa cha kubandika tumboni chenye sensa, yaani vihisi, zinazosoma tumbo linavyopanda na kushuka, likitulia sekunde 15 bila hata kutikisika, kinamchoma sindano ya naloksoni chini ya ngozi. Sensa waliijaribu Vancouver, Kanada, kwa watu 25 waliokuwa wanajidunga kwenye kituo chenye uangalizi, na sindano wakaijaribu hospitalini kwa watu wasiotumia kitu, wao walibana pumzi tu.

Si kuna naloksoni ya kupuliza puani, mashine ya nini tena?

Ipo na inaokoa kweli, Marekani tangu 2023 unainunua bila kuandikiwa na daktari. Ila jiulize, nani atampulizia? Aliyezidiwa hana fahamu, na wengi wanatumia peke yao, mlango wamefunga, kwa aibu au kwa kuogopa kukamatwa. Dawa iko pale mezani, hatua mbili tu kutoka alipoangukia, na anakufa. Hili linaniuma kuliko yote, na ndo maana hiki kifaa nakiombea kifike mbali.

Kikimchoma mtu aliyelala zake tu?

Kama hana opioidi mwilini, naloksoni haimdhuru. Kama anazo, ataamka na arosto kali, kutapika, jasho, mwili wote unauma, na akichomwa bure mara mbili tu atakivua akitupe. Kwa hiyo usahihi wa sensa kwangu ndo kila kitu.

Mdogo wangu anatumia. Kifaa bado kiko kwenye utafiti, nifanye nini sasa hivi?

Pole sana ndugu yangu. Weka naloksoni ya puani nyumbani, na mwambie asitumie peke yake, bila kumgombeza, ukimgombeza atajificha. Ukimkuta anakoroma kama anakabwa, midomo imeanza kuwa ya bluu na haamki hata ukimsugua kwa nguvu mfupa wa kifua, mpulizie naloksoni puani, ita ambulensi, msaidie kupumua mdomo kwa mdomo, akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu. Na usimuache hata akisema yuko poa, maana naloksoni inaisha nguvu ndani ya dakika 30 mpaka 90 na alichotumia kinaweza kuwa bado kimo mwilini, pumzi ikakata tena, ukiona hivyo mpulizie nyingine.