Jibu: Filta ya haidrojeni-alfa inatoa picha nyeusi
Habari ndugu. Umefunga filta ya haidrojeni-alfa ya nm 7 (upana wa nanomita 7, inapitisha wekundu wa gesi ya haidrojeni tu), unapiga picha Nebula ya Carina, wingu la gesi angani, ukiwa Kariakoo, sekunde 30, na huoni kitu. Usiilaumu filta. Anza na kamera: kama ni ya kawaida ya dukani, kioo kilicho mbele ya sensa hukata sehemu kubwa ya wekundu wa nm 656, na huo ndio unaoutafuta! Kama kioo kilishabadilishwa, ongeza muda. Mimi hupiga sekunde 300 kila picha, jumla saa 3, kwenye stendi inayofuata nyota. Fokasi iweke upya filta ikiwa imeshafungwa. Hilo lilinilia usiku mzima. Halafu Dar, Carina haipandi zaidi ya nyuzi 37 hivi juu ya upeo wa macho, kwa hiyo ivizie ikiwa kusini kabisa. Mbalamwezi isikutishe, filta hii huzuia sehemu kubwa ya mwanga wake; labda ukihamia filta ya oksijeni.