Viza ya mwenzi kwenda Marekani: mnahesabu miezi ya hatua moja tu

Maswali ya wiki hii yanafanana: mpenzi yuko Marekani, wewe uko huku, na mnataka kujua njia ipi ni ya haraka zaidi. Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Walioandika "inachukua muda gani?" bila kusema kama mwenzao ni raia au ana grinikadi tu, yaani kadi ya ukazi wa kudumu, wala kama wameoana au bado, sikuwajibu. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kila kitu, na nimeshayasema hapa mara nyingi.

Shikamoo. Mchumba wangu ni raia wa Marekani. Rafiki yangu alikwenda kwa K-1 akafika mapema kuliko binamu yake aliyefunga ndoa kwanza. Sisi tufuate ipi? (Mchumba, Nakuru)

Marahaba. Rafiki yako alifika mapema, sawa. Muulize alianza kazi lini.

K-1 ni viza ya mchumba. Mwenzako anapeleka fomu I-129F kwa USCIS, idara ya uhamiaji. Ikikubaliwa, faili linapitia NVC, Kituo cha Taifa cha Viza, kisha linaletwa ubalozini. Unahojiwa, unasafiri, mnaoana ndani ya siku 90. Wengi wanaacha kuhesabu wakishafika uwanja wa ndege, na hapo ndipo wanapojidanganya. Ukishaolewa bado huna grinikadi. Unaanza ombi jingine kabisa, I-485, pamoja na I-765 ya kibali cha kazi na I-131 ya ruhusa ya kusafiri. Mpaka kibali kitoke huruhusiwi kufanya kazi. Ukitoka nchini kabla ya ruhusa ya kusafiri, ombi lako linahesabiwa kwamba umeliacha. Mzazi akifariki nyumbani katika miezi hiyo, utakuwa unaomba ruhusa ya dharura huku mazishi yanapangwa bila wewe.

CR-1 ni ya waliokwisha kuoana. Mwenzako anapeleka I-130, inapita USCIS, NVC, ubalozini. Kusubiri mkiwa mbalimbali huwa kurefu zaidi, sikatai. Lakini siku unapoingia Marekani wewe ni mkazi wa kudumu. Viza iliyopigwa muhuri katika pasipoti ni uthibitisho wa ukazi kwa mwaka mmoja, kadi inakufuata kwa posta, kazi unaweza kuanza wiki hiyo hiyo, na nyumbani unaweza kurudi kusalimia.

Tazama pia pesa, kwa ada zilizoanza tarehe 1 Aprili 2024. K-1: dola 675 za I-129F, 265 za viza, 1,440 za I-485. Hizo ni 2,380, na ukitaka kibali cha kazi na ruhusa ya kusafiri ongeza 260 na 630, jumla 3,270. CR-1: dola 625 za I-130 ikipelekwa kwa mtandao, 325 na 120 unapofika NVC, 235 za kadi. Jumla 1,305. Uchunguzi wa daktari ni mbali, kote kuwili.

Msimamo wangu haujabadilika: mnaoweza kuoana, oaneni. Ndoa ya serikali Kenya inataka notisi ya siku 21, kwa hiyo kwa mwenye karatasi zake tayari, "ucheleweshaji" wa kuoana kwanza ni wiki chache tu. Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza. Viza ya K-1 inakufunga kwa mtu mmoja. Mkifika huko ndoa isifungwe, huwezi kubadilisha hadhi yako kuwa mkazi wa kudumu kupitia mtu mwingine yeyote, hata ukapata wa kukupenda kweli kesho yake. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2005 inamlazimisha anayekuombea kueleza makosa fulani ya jinai aliyowahi kuhukumiwa, na ubalozi unatakiwa kukupa habari hizo. Ukipewa karatasi hizo, zisome zote kabla ya kufunga mizigo.

Familia zimekutana, sehemu ya mahari imetolewa, tumepiga picha za ruracio (sherehe yetu ya mahari) na pete. Hatujasajili popote. Tumeambiwa K-1 ni haraka. (Kiambu)

Aliyewaambia hajui mlichokwisha kufanya. K-1 ni ya watu ambao hawajaoana. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa za kimila, na inasema pale mahari inapohitajika, hata sehemu ndogo iliyotolewa inatosha kuwa uthibitisho. Maafisa wa ubalozi jijini Nairobi wanaijua ruracio vizuri. Watatazama picha zenu, wazee wameketi, bibi harusi amefunikwa leso, na watauliza: hawa ni wachumba au ni mume na mke? Wakiona mmeoana, K-1 imeanguka. Na I-130 nayo hamwezi kuipeleka kwa sababu hamna cheti. Miezi yote mliyosubiri imepotea, na mnaanza upya.

Kwa hiyo sajilini ndoa ya kimila, chukueni cheti, pelekeni I-130. Mnaotaka K-1 na bado hamjafanya sherehe, ziacheni sherehe zote mpaka mfike. Katikati ya hapo hakuna mahali salama.

Ndugu zangu wa Pwani, hili linawahusu pia. Nikaha ni ndoa. Msiiite uchumba kwa ajili ya fomu. Na anayetaka kumwombea mke wa pili hali wa kwanza bado yumo katika ndoa, Marekani inamtambua wa kwanza tu.

K-3 je? (Eldoret)

Ni viza iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2000 ili mume au mke wa raia asisubiri I-130 akiwa mbali. Siku hizi I-130 ikikubaliwa mapema, ombi la K-3 linafungwa. Usitumie nguvu zako huko.

Mume wangu ana grinikadi tangu 2021. Yeye anasema tungoje awe raia ndipo aniombee. Mimi naona tunapoteza muda. (Mke, Mombasa)

Wewe ndiye uliye sahihi, mwambie nimesema hivyo.

Mke wa raia hana foleni ya nafasi: ombi likikubaliwa, viza ipo. Mke wa mwenye grinikadi yuko katika kundi la F2A, lenye kikomo cha nafasi kila mwaka. Siku I-130 ilipopokelewa inakuwa tarehe yenu ya kipaumbele, na kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inatoa taarifa ya viza kuonyesha foleni imefikia tarehe gani. Foleni hiyo husogea, husimama, na mara nyingine hurudi nyuma. Kulinganisha F2A na CR-1 kwa kutazama muda wa I-130 pekee ni kupoteza wakati.

Lakini ombi la F2A likishapelekwa halipotei mume akipata uraia. Anatuma nakala ya cheti cha uraia, faili linahamia kundi la wake na waume wa raia, na foleni inakuwa imekwisha kwenu. Kwa kawaida mwenye grinikadi anasubiri miaka mitano ndipo aombe uraia. Kwa nini miaka hiyo ipite bila faili? Apeleke sasa.

Angalizo moja, na ni zito: katika F2A watoto wanasafiri ndani ya ombi la mama. Baba akiwa raia, nafasi hiyo inafutika, na kila mtoto anahitaji I-130 yake. Familia nyingi hugundua hilo ubalozini, mama anapewa viza na watoto wanabaki. Kama mna watoto, fomu zao zitayarishwe mapema.

Si rahisi niombe viza ya utalii, nikifika tufunge ndoa na kubadilisha hadhi nikiwa kule kule? Nasikia ni miezi michache. (Kisumu)

Hapana. Swali hili linakuja kila mwezi na jibu ni lile lile. Ukimwambia afisa unakwenda kutembea huku unajua unakwenda kuolewa, umesema uongo ili upate viza. Adhabu yake ni kufungiwa maisha, na msamaha wake unaombwa kwa fomu nyingine, kwa sababu nzito, bila uhakika. Kuna watu walioingia kwa nia safi wakaoana baadaye wakaruhusiwa, hao hawakupanga. Wewe umeshapanga, tena umeniandikia. Acha mara moja.

Nina mtoto wa miaka 19 niliyempata kabla. Mchumba wangu Mmarekani anataka tuoane hapa kwanza, ndivyo ulivyotushauri siku zote. (Thika)

Kwako ushauri wangu unageuka, na asante kwa kutaja umri, wengi huusahau. Mtoto wa kambo anatambuliwa tu kama ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Mkioana leo, mwenzako hawezi kumwombea mtoto wa miaka 19. Kwa K-1, mtoto ambaye hajaoa na yuko chini ya miaka 21 anaweza kuja nawe kwa K-2. Kwa familia yenu, njia yenye ada kubwa na karatasi nyingi ndiyo pekee itakayowaweka pamoja, na mna muda mfupi. Msifunge ndoa yoyote, hata ya kimila, kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Mtoto awe ameingia Marekani kabla hajatimiza miaka 21, ndoa ifungwe ndani ya zile siku 90, na ombi lake la grinikadi lipelekwe bila kuchelewa.

Tulipeleka I-130 miezi mitano iliyopita. Kimya. Rafiki wa mume wangu alipata kwa saba. Je, tumekataliwa? (Machakos)

Hamjakataliwa. Mngekataliwa mngeandikiwa. Muda ambao USCIS inautangaza unaonyesha asilimia 80 ya mafaili yamekamilika ndani ya kipindi gani, kwa hiyo mtu mmoja katika watano anasubiri zaidi ya hapo bila kosa lolote. Na ni muda wa USCIS peke yake: haumo NVC, haimo foleni ya mahojiano. Ndiyo maana nachoka ninaposoma "CR-1 inachukua miezi kadhaa" kutoka kwa mtu aliyeona namba ya hatua ya kwanza.

Mkingoja, fanyeni kazi. Cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi ya Kenya), vyeti vya kuzaliwa, cheti cha talaka kwa aliyewahi kuoa, makaratasi ya kodi ya mume. Fomu ya udhamini, I-864, inataka kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu wa nyumba yake. Asipofika, atafute mdhamini wa pamoja. NVC hairuhusu faili lenye pengo kusonga, na pengo hilo huwa letu wenyewe. Mume ajue pia kwamba sahihi ya I-864 haifutwi na talaka. Inamfunga mpaka mke awe raia, au afikishe robo-mwaka 40 za kazi, au aondoke Marekani kabisa, au afariki.

Ndoa ya mtandaoni ya Utah inaokoa muda? (Nyeri)

Ni ndoa inayofungwa kwa video katika jimbo la Utah, Marekani. Inaweza, lakini si mkiwa bado hamjakutana. Ndoa ambayo mmoja hakuwapo haitambuliwi kwa uhamiaji mpaka mkutane kama mume na mke baada ya tarehe ya ndoa. Kukutana kwa mwaka jana hakuhesabiwi. Tiketi na mihuri ya pasipoti ya safari ya baadaye viwekwe kwenye faili.

Viza ya CR-1 imetoka. Tunatimiza miaka miwili ya ndoa baada ya wiki tano. (Meru)

Kama viza haitaisha kabla, ngoja. Kinachotazamwa ni umri wa ndoa siku unayoingia. Ukivuka miaka miwili, mwonyeshe afisa wa mpakani cheti cha ndoa na umwombe akuandike IR-1, kundi la waliotimiza miaka miwili ya ndoa. Utapata kadi ya miaka kumi badala ya ile ya miaka miwili yenye masharti, na hutakuwa na I-751, fomu ya kuondoa masharti hayo, ya kujaza baadaye.

Mimi ni Mtanzania, mume wangu ni raia wa Marekani, faili liko NVC. Tulipe ada? (Arusha)

Kwanza someni hali ya siku hiyo. Tangazo la Rais la Juni 2025 lilizuia raia wa nchi kadhaa, zikiwamo Somalia na Burundi. La Desemba 2025 likapanua orodha, Tanzania ikaingia kwa viza za uhamiaji, na nafasi iliyokuwa imeachiwa waume na wake wa raia ikaondolewa. Faili lenu halifi kwa sababu ya tangazo. Jibuni kila barua ya NVC ili lisifungwe, na wekeni kumbukumbu za mawasiliano yenu. Ila kuuza vitu vya nyumba au kuacha kazi kabla viza haijawa mkononi, msithubutu.

Kuna wakala Nairobi anasema ana mtu ndani, kwa shilingi 80,000 faili letu litasogezwa mbele. Tumlipe? (Ruiru)

Msimlipe. Kuharakishwa kunaombwa USCIS, NVC au ubalozini kwa sababu zinazothibitika: ugonjwa mkubwa, dharura ya kibinadamu, hasara kubwa ya kifedha. Kuomba kuharakishwa hakuna ada. Barua ya daktari inatosha kuanzia. Wakala huyo atawaandikia barua ya uongo, itawekwa kwenye faili lenu kwa jina lenu, na afisa atakapoikuta, aliyewaandikia hatakuwapo kwenye dirisha la mahojiano. Kama mmeshampa nakala za pasipoti, badilisheni leo nywila za akaunti zenu za USCIS na NVC, kisha mripoti kituo cha polisi.