Kumlinda patroni asiyetaka kulindwa: kwa vijana wanaoanza kazi Lubumbashi

Wadogo zangu mabodigadi, mmefundishwa kukimbia, kuanguka, kufungua mlango wa gari, kutazama mikono ya watu kabla ya nyuso zao. Mazoezi mazuri, msiyaache. Ila wakufunzi wengi husahau kuwaambia kwamba adui mtamwona mara chache sana, pengine msimwone kabisa, lakini patroni, yaani mkubwa mnayemlinda, mtakuwa naye tangu chai ya asubuhi hadi lango lifungwe usiku. Na patroni huyo huenda hakupendi hata kidogo. Mara nyingi si yeye aliyekuita. Ni kampuni yake iliyoamua, au washirika wake wa nje, au mama wa nyumbani baada ya kusikia jirani kavamiwa huko mtaa wa Golf. Kwake yeye, kutembea na mtu nyuma ni kutangaza mjini kwamba anaogopa. Akinuna, ananunia hilo. Wewe umesimama tu mahali ambapo hasira yake inapita.

Nimewalinda wafanyabiashara wa madini, watu wa siasa, na wahandisi wageni wa migodi. Wageni ni rahisi: wanasoma karatasi, wanafuata karatasi. Wagumu ni wa kwetu, hasa waliotoka chini. Mtu aliyekulia komini ya Kenya (hii ni komini yetu, si nchi), akauza makaa, akachimba kwa mikono, akapata comptoir yake (duka la kununulia madini), leo ana magari matatu ya jeep uani. Huyo hawezi kupita sokoni bila kuteremka. Atanunua karanga, atasalimia mama aliyemkopesha zamani, atasimama katikati ya watu akicheka. Bodigadi mpya humvuta mkono: “Mkubwa, twende, twende.” Kosa kubwa. Unamwambia mbele ya watu wake kwamba yeye si mtu wa pale tena. Isitoshe, salamu zile zinamlinda kuliko wewe. Siku kijana asiyejulikana akianza kuuliza nyumba yake ni ipi, ni mama huyo wa karanga atakayekutonya. Basi mwache asalimie. Wewe chagua gari lisimame wapi, pua ikielekea njia ya kutokea, injini isizimwe.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe vizuri. Patroni mgumu hashindwi kwa kukatazwa. Anayemkataza kila kitu, neno lake linazoeleka, na siku ya hatari anaambiwa anyamaze kama kawaida. Kwa hiyo “hapana” zako ziwe chache, naye azijue mapema, mkiwa mmetulia, asubuhi, ameshakunywa chai. Zangu mimi zilikuwa hizi: mkanda wa gari kwenye njia ndefu, kutosafiri usiku kati ya hapa na Kolwezi, na kutobeba pesa za kununulia madini katika gari alilokaa mwenyewe. Mengine yote tulibishana tu, na mara nyingi alishinda.

Mkanda unawashangaza? Njia ya Likasi hadi Kolwezi mnaijua: malori ya shaba yamefuatana, moja limeharibika katikati ya lami bila taa, dereva wa nyuma anataka kupita kabla ya giza. Kolwezi ni kama kilomita 300 kutoka hapa, na mwenye bunduki hahitajiki ili mtu afe. Kumbukeni ajali ya gari ya Paris, tarehe 31 Agosti 1997. Mpango wa kutoka hotelini kwa mlango wa nyuma ulikuwa wa Dodi Fayed mwenyewe, mpenzi wa Diana, binti mfalme wa Uingereza, wa dakika za mwisho, na aliyeshika usukani alikuwa amelewa. Yeye, Diana na dereva walikufa. Bodigadi Trevor Rees-Jones peke yake alipona, na majeraha makubwa usoni. Mwaka 2008 baraza la uchunguzi huko London lilisema wazi kwamba kutofunga mikanda kulichangia vifo vile. Nikimsimulia patroni habari hiyo haniiti mwoga, kwa sababu ninamtaja binti mfalme. Vijana, tafuteni mifano ya watu wakubwa. Patroni haoni aibu kufanya lililomshinda mkubwa kuliko yeye.

Sasa mikono. Kitu cha kwanza patroni atakachokujaribia ni mikono yako. Atakupa mkoba, kisha simu ya pili, kisha koti, kisha mtoto. Ukitazama vizuri, ndani ya wiki moja umekuwa mbeba mizigo mwenye miwani nyeusi. Usikatae kwa kununa. Panga na dereva kabla: tukifika uwanja wa ndege wa Luano, sanduku ni la kijana wa mizigo, wewe dereva unabaki kwenye usukani, mimi mlango. Akikupa mkoba hata hivyo, upokee, mpe mwingine mara moja, na ukiwa naye peke yake mwambie: “Mkubwa, nikishika sanduku sitaweza kukushika wewe.” Sijaona aliyekasirikia maneno hayo. Wanacheka, na baada ya siku chache mkoba unarudi tena, nawe unasema tena.

Kutumwa ni ndugu wa hilo. Mko nganda (baa) ya Kamalondo, muziki juu, wageni wamejaa mezani, anakutupia noti: “Nenda kaninunulie uniti za simu.” Anataka wageni waone kwamba ana mtu wa kumtuma. Wewe usiondoke wala usibishe. Pokea noti, inua mkono, mwite kijana wa uniti aje mpaka mezani. Mjini kwetu hakosekani. Patroni amepata uniti zake na heshima yake, nawe hukusogea. Na sigara ni hivyo hivyo.

Matusi yatakuja. Wengine wanatukana wakilewa, wengine wakipoteza mzigo, wengine kwa desturi tu, kama wanavyomtukana sentineli wa lango na mpishi. Mbele ya watu usijibu, na usitengeneze uso wa kujibu pia, maana uso unasikika. Asubuhi yake, sentensi moja: “Mzee, jana mbele ya wageni ulinivunjia heshima. Walioona wanajua sasa kwamba mimi si kitu kwako, na mtu mbaya akijua hivyo atanipita.” Usiongeze. Wapo watakaokupa dola kumi na kusema “haya, sahau”, nashauri usizipokee. Wapo watakaokutukana upya. Huyo naye una la kumfanyia, nitafika.

Kuna jambo vijana huwa hawalielewi: patroni kukuficha ratiba. Anakwambia mnakwenda Ruashi, hapa hapa mjini, mkifika njia panda anamwambia dereva akate kwenda Kasumbalesa, mpakani. Unaona amekudharau. Pengine anakuogopa. Nchi hii ina kumbukumbu. Mzee Laurent-Désiré Kabila, rais wetu, tarehe 16 Januari 2001, alipigwa risasi ofisini mwake Kinshasa na kijana wa ulinzi wake mwenyewe. Hakuna mtu mzima wa Katanga asiyekumbuka siku zile. Kila tajiri na kila mwanasiasa hapa, akikutazama unapomfungulia mlango, hiyo picha ipo nyuma ya macho yake, hata asipoisema. Kwa hiyo usimlazimishe akuambie kila kitu. Mwombe kitu kidogo: “Mkubwa, sihitaji kujua unakwenda kwa nani. Niambie tu upande gani wa mji, na mafuta kiasi gani.” Akizoea kwamba hilo dogo halikuvuja, ataongeza. Na simu yako iwe mezani, wazi, unapozungumza naye. Bodigadi anayejibu ujumbe kwa kujificha hataaminiwa hata akiwa anaandikiana na mama yake.

Nyumbani nako kuna mtihani wake. Mama, mke wa patroni, atakuuliza: “Papa jana alikuwa wapi hadi saa saba usiku?” Ukisema kweli umemuuza patroni, ukidanganya mama hatakuamini siku utakapomwambia afunge watoto ndani. Mimi hujibu: “Mama, kazi yangu ni kumrudisha mzima. Hayo mengine muulize mwenyewe.” Atanuna kidogo. Lakini mama ndiye msaada wako mkubwa kuliko wote, mlinde uhusiano huo kwa adabu: msalimie kwanza, usiingie jikoni bila kuitwa, usikae kwenye viti vya sebuleni hata ukikaribishwa. Lile ulilomwambia patroni mara tatu bila kusikilizwa, mama akilisema mara moja mezani, limepita.

Sisi wa kampuni binafsi hatubebi bunduki. Silaha ni ya polisi, na patroni mwenye uwezo hupewa askari polisi wa kumsindikiza. Wengi wenu mtafanya kazi bega kwa bega na askari huyo, na patroni mgumu humtesa yeye zaidi yako kwa sababu anajua mshahara wake ni mdogo. Saa nane mchana patroni anakula ndani na wageni, askari yupo juani tangu saa kumi na mbili, hata maji hakupewa. Hilo si la kumwachia Mungu. Ongea na mpishi mapema, sahani moja ya bukari (ugali) na samaki, mboga juu, itoke kwa mlango wa nyuma kabla ya ile ya mezani. Askari mwenye njaa anatazama sufuria, hatazami lango. Na mwenye bunduki aliyedharauliwa miezi mingi, sitaki kuandika zaidi, mmeshanielewa.

Dereva vilevile. Msijione ninyi ni wakubwa kwa sababu ya suti. Tarehe 22 Februari 2021, kwenye njia ya Goma kwenda Rutshuru, karibu na Kibumba, balozi wa Italia Luca Attanasio aliuawa. Pamoja naye walikufa askari aliyemlinda, Vittorio Iacovacci, na dereva Mkongo, Mustapha Milambo. Dereva anakaa mbele kabisa. Mwambie njia kabla hujaingia garini, muulize amelala saa ngapi, na patroni akimpigia kelele aongeze mwendo, jibu wewe kwa niaba yake: “Mkubwa, nimemwambia mimi.”

Itafika siku moja, au isifike, ambapo hakuna kuomba wala “mkubwa”. Utamshika shingo, utamkunja, utamtupa garini. Wengine wananiuliza: patroni wangu anafoka hata nikigusa bega lake, je, nimfanyeje siku hiyo? Mfanye hivyo hivyo, hata akifoka. Tarehe 30 Machi 1981 huko Washington, Rais Ronald Reagan wa Marekani alipigwa risasi, akasukumwa ndani ya gari na mlinzi wake Jerry Parr, akaangukiwa juu. Rais akalalamika kwamba Parr amemvunja ubavu. Parr hakubishana wala hakuomba radhi. Alitazama, akaona damu mdomoni, akaamuru gari liache njia ya kurudi Ikulu liende hospitali. Risasi ilikuwa imeingia kwenye pafu. Mnaona alivyofanya? Alisikiliza lalamiko, lakini aliamini macho. Kwa sababu hiyo, kila mnapokwenda, muwe na jibu la swali moja kabla hamjatoka lango: akiumia hapa, tunampeleka wapi? Mjini, hospitali ya Sendwe au kliniki za chuo kikuu, kutegemea upande mlipo. Njiani, je, tumeshapita nusu ya njia ya Likasi au bado? Patroni hahitaji kulijua jibu hilo. Dereva lazima alijue.

Nilisema nitarudi kwa yule asiyebadilika. Mjichunguze wenyewe, si yeye. Dalili ni ndogo. Umeanza kusimama hatua moja nyuma zaidi ya zamani. Akiingia choo cha hotelini, huingii kutazama kwanza. Anapoteremka unafungua mlango huku ukitazama simu. Na mbaya kuliko zote, kuna wazo linakupitia: laiti kingempata kitu kidogo tu, apate funzo. Wazo hilo likija, siku hiyo hiyo mwendee msimamizi wa kampuni umwombe akubadilishe. Usisubiri mwisho wa mwezi. Usiseme patroni ni mbaya, maana msimamizi anataka mkataba wake uendelee na atakuona wewe ndiye tatizo. Sema: “Shefu, macho yangu yamechoka naye. Mpe mwingine, nami nipe kazi nyingine.” Msimamizi mwenye uzoefu anaelewa lugha hiyo mara moja. Asiye na uzoefu atakuambia uvumilie. Hapo tafuteni kampuni nyingine. Mishahara yetu midogo inafanana yote.

Ukiondoka, mkabidhi anayekuja daftari. Andika dawa anazotumia patroni na saa zake, kundi la damu kama analijua, mguu gani unamsumbua akipanda ngazi. Andika kwamba akikasirika kikaoni hutoka ghafla kwa mlango wa karibu, si ule alioingilia, na kwamba akipokea simu huwa anatembea bila kutazama mbele mpaka barabarani. Andika kanisa lake na kiti anachopenda, na kwamba mchungaji hataki mlinzi aonekane ndani, kwa hiyo ukae na waimbaji. Kwenye kilio, yaani msibani, ambako kila mtu atamkumbatia na hakuna unayeweza kumzuia, andika ni ndugu gani wa kusimama naye akutajie nani ni nani. Matusi yake usiyaandike. Anayekuja atayasikia mwenyewe kesho saa moja.