Kirusi kinachopanda mgongoni mwa mlinzi: maswali yenu kuhusu dengue na jamaa zake

Mvua zikishika kasi Pwani, maswali ninayopokea hugeukia homa ambazo kipimo cha malaria hakizioni. Homa hizi si ngeni kwetu. Zanzibar ya mwaka 1870 homa ya kuvunja viungo iliitwa kidinga pepo, na wapo wanaoamini kwamba jina dengue lilitokana na neno hilo.

Mwanangu alipata homa siku nne, malaria haikuonekana. Baadaye tukaambiwa ni dengue na kwamba chembe nyeupe za damu zimeshuka sana. Je, virusi ndivyo vinavyozila? (Mama wa Likoni, Mombasa)

Pole sana mama. Havizili, vinazitumia, na kila ninapoeleza jambo hili bado hunishangaza.

Mbu wa dengue, Aedes aegypti, ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Anapotafuta mshipa wa damu, mate yake yenye virusi humwagika ndani ya ngozi. Humo ngozini zimo chembe za kinga zenye matawi, ambazo kazi yake ni doria. Zikikuta kitu kigeni hukinasa, hukimeza na kukipeleka kwenye tezi za kinga, ili chembe nyingine zimjue adui.

Kirusi cha dengue kimejijenga kufuata tabia hiyo hiyo. Gamba lake lina sukari, na juu ya chembe ya doria kuna vishikio vinavyonasa sukari za namna hiyo. Chembe inakishika, inakitia kwenye kifuko, kisha inakimwagia asidi ili kukiyeyusha. Kumbe asidi ndiyo ishara ambayo kirusi kilikuwa kinaisubiri. Protini za gamba hubadili umbo, gamba huungana na ukuta wa kifuko, na uzi wa RNA, yaani maelekezo ya kutengeneza kirusi, wenye herufi zipatazo 10,700 hupenya hadi ndani ya chembe. Kuanzia hapo mitambo ya chembe inatengeneza virusi. Mlinzi aliyetumwa kupeleka habari kwenye tezi anafika akiwa amembeba adui mwenyewe, na kutoka hapo ugonjwa unaingia katika zile chembe nyeupe kubwa zinazomeza wadudu, ziitwazo monosaiti na makrofaji.

Chembe iliyovamiwa hujaribu kuwaonya majirani kwa kemikali iitwayo interferoni. Kirusi kina dawa ya hilo pia: protini yake moja, NS5, husababisha kuvunjwa kwa STAT2, kiungo kinachofikisha onyo hilo ndani ya chembe. Onyo linatoka, lakini halifiki.

Kuhusu kipimo cha mtoto, sababu kubwa ya kushuka kwa chembe nyeupe ni uboho wa mifupa kupunguza kuzitengeneza wakati wa homa. Mgonjwa akipona, uboho hurudi kazini na idadi hupanda yenyewe.

Shikamoo daktari. Niliugua dengue mlipuko wa 2019 hapa Dar. Rafiki zangu wanasema sasa nina kinga ya maisha. (Kijana wa Temeke)

Marahaba. Wamesema nusu ya ukweli, na hiyo nusu inaweza kukuponza.

Virusi vya dengue viko vya aina 4. Aina iliyokuuguza haitarajiwi kukurudia. Aina nyingine tatu utakingwa nazo kwa miezi michache tu. Baada ya hapo, kingamwili ulizobaki nazo, yaani protini za kinga zinazomgandia adui, zinakitambua kirusi cha aina nyingine kwa mbali: zinakigandia bila kukizima. Sasa, kingamwili ina mkia, na monosaiti na makrofaji zina vishikio vya kuukamata mkia huo, kwa kuwa hivyo ndivyo zinavyosafisha wadudu waliokwisha kunaswa. Zinapouvuta mkia, zinakivuta na kirusi kilicho hai. Chembe nyingi zaidi zinaambukizwa, virusi vinazidi, na ugonjwa unaweza kuwa mkali kuliko mara ya kwanza.

Daktari Mmarekani Scott Halstead, aliyefanya kazi Bangkok miaka ya 1960, alisaidia kulifumbua fumbo hili. Kulikuwa na watoto wachanga walioumwa vibaya ingawa ndiyo kwanza wanaambukizwa. Mama zao walikuwa wamewahi kuugua, na kingamwili zilizopita kwenye kondo la nyuma zilikuwa zimepungua kiasi cha kuacha kulinda na kuanza kudhuru.

Kwa sababu hii chanjo ya dengue si kazi nyepesi. Ufilipino ilianza kuchanja wanafunzi mwaka 2016. Novemba 2017 kampuni iliyoitengeneza chanjo ikatangaza kwamba mtoto asiyewahi kuugua dengue anaweza kuumwa vikali zaidi akiambukizwa baada ya kuchanjwa. Watoto zaidi ya 800,000 walikuwa wameshachanjwa. Nawaonea uchungu wazazi wale, waliofanya walichoambiwa ni sahihi.

Usiishi kwa hofu, kwani wengi wanaougua mara ya pili hupona vizuri. Ila ukipata homa, mwambie mhudumu mapema kwamba umewahi kuwa na dengue.

Je, chikungunya nayo huingia kwenye chembe za kinga? Viungo vyangu vinauma tangu mwaka jana. (Mwalimu, Newala)

Umeuliza ukiwa nyumbani kwake. Ugonjwa huu ulitambuliwa huko huko, kwenye uwanda wa Makonde, katika mlipuko wa 1952, na jina ni la Kimakonde: kile kinachokunja. Kirusi chake hupendelea zaidi chembe za nyama za viungo, misuli na ngozi. Hata hivyo, kwa mgonjwa mmoja wa kisiwa cha Réunion, watafiti walikuta mabaki ya kirusi ndani ya makrofaji za kiungo miezi 18 baada ya kuugua. Maumivu yako si ya kufikirika, mwalimu. Omba rufaa kwa daktari wa viungo.

VVU pia hushambulia chembe nyeupe. Kwa nini mbu haviambukizi? (Msomaji wa Kisumu)

Kirusi cha dengue humwambukiza mbu kwanza: huzaana kwenye utumbo wake hadi kifike kwenye tezi za mate, safari ya siku 8 hadi 12 hivi. VVU haviwezi kuishi ndani ya mbu. Vinasagwa pamoja na damu aliyokunywa.

Homa ya mume wangu imeshuka leo, siku ya tano. Tumrudishe kazini? (Dada wa Tanga)

Hapana dada, bado. Siku ya 3 hadi ya 7, homa inaposhuka, ndiyo saa ya kumchunga. Virusi vinapungua, lakini kemikali zilizomwagwa na chembe za kinga, pamoja na protini ya kirusi iitwayo NS1, zinaweza kulegeza kuta za mishipa, maji ya damu yakavuja. Mpe maji ya ORS au dafu, na parasetamoli kwa kipimo. Asinywe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa zinaongeza hatari ya kutoka damu. Akiumwa tumbo sana, akitapika mfululizo, akitoka damu kwenye fizi au puani, akilegea au mikono ikiwa baridi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mwili hauna joto.