Jibu: Nani anazipanga chembe za nano?

Mkuu, umeuliza inakuwaje chembe za nano (vijipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho) zilizo kwenye maji zijipange zenyewe mpaka ziwe fuwele, yaani safu zilizonyooka zinazojirudia, bila gundi wala wa kuzipanga. Jibu ni kusukumana tu. Molekuli za maji zinazigonga kila upande muda wote, kwa hiyo hazitulii. Zikisongamana mpaka zikajaza nusu ya ujazo hivi, zile zilizokaa shaghalabaghala zinabanana, hakuna inayopata pa kutikisika. Zikikaa kwa safu, kila moja inapata kanafasi kake. Inasikika kama kichekesho, lakini mpangilio ndio unaoleta uhuru. Wanafizikia Pusey na van Megen walilionyesha hilo mwaka 1986 kwa vijipira vya plastiki.

Umewahi kuona machungwa yalivyopangwa sokoni, kila moja limekalia kishimo cha matatu ya chini? Ndivyo hivyo hivyo.

Ukitaka kuona kwa macho, tafuta jiwe la opali, lile la thamani linalometameta rangi. Ndani yake kuna vijipira vya silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) vya nanomita 150 hadi 300 hivi, nanomita ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita, safu juu ya safu. Hakuna rangi iliyotiwa humo, ni mwanga unaorudi kutoka kwenye safu. Ligeuze kidogo tu, kijani kinageuka buluu.

Ila saizi ndiyo inayowaangusha wengi maabara. Chembe zikipishana saizi kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, hata usubiri mwezi, utaambulia tope. Na usiharakishe kukausha yale maji.